Kioo cha Darini

Mhandisi Uzoamaka, mtoto wa watu, alikuwa ameshapima na kusema: sakafu ile ya zege, ghorofani pale sokoni Onitsha, haitabeba mashine ya kuchapia vitabu.

"Kitendawili gani hicho, dada?" mwenye jengo akacheka. "Harusi nzima ilichezwa humu, leo mashine moja itushinde?" Akaipandisha, akaita kwaya waje kuiombea.

Uzoamaka akakimbilia chini, dukani kwa mama yake, chini ya sakafu ileile, akakikodolea macho kipande cha kioo alichokigandisha juzi kwenye ufa wa dari. Ufa ukitanuka, kioo hupasuka.

"Mama, toka nje!"

"Vitambaa nimwachie nani, mwanangu? Subiri nivikunje."

Juu, ngoma zikalia, miguu ikatua kwa pamoja. Kioo kikapasuka.

Uzoamaka akapiga ukelele. Kule juu wakadhani ni kigelegele, wakazidi kurukaruka.