Upande Mwekundu wa Kibao

Mkaguzi aliinama chini ya kiti cha dereva, akachomoza na kopo la mtoto la kubebea chakula cha shule, la bati, limebondeka ubavu mzima.

"Mama Mkate, hili nini tena? Mnakwenda mashindanoni au mandari?"

"Liache hapohapo, baba. Nimelifunga kwa mkanda, halitaruka."

Mkaguzi akalirudisha, akalifunga, akalivuta kwa nguvu. Halikutikisika. Akabandika stika ya kupita.

Mwalimu akashusha pumzi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanagenzi wa klabu mbio za magari za lami, na leo alikuwa kiti cha pili, amsomee kona mwanafunzi wake, huyo Mama Mkate. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amekwisha kumtishia: huyo msambaza mikate akitutia aibu, darasa lako tunalifunga. Kisha akapita na gari lake linalong'aa, akachungulia dirishani.

"Mama, angalia mkate usiungulie kwenye kona!"

Wenzake wakacheka. Nao walikuwa na haki yao ya kucheka: gari lenyewe lilikuwa la mikate kweli, limeng'olewa rafu na kuvikwa vyuma vya kukinga paa, na ndani bado lilinukia hamira.

Ila mwalimu alijua wasichokijua. Mwanamke yule alikuwa dereva. Breki alikanyaga kwa kuchelewa, mafuta kwa kuwahi, na usukani aliushika kwa upole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Kilichomtatiza mwalimu ni hofu ya mama huyo ya ajali. Ilianza tangu somo la kwanza, pale mwalimu alipowaonyesha wanagenzi kibao ambacho kila gari la mbio hubeba. Upande mmoja kijani: tuko salama, piteni. Upande wa pili msalaba mwekundu: kuna mtu kaumia.

"Na wakiuona mwekundu?" aliuliza Mama Mkate.

"Wanasimama."

"Wote?"

"Wote."

"Hata mwenye haraka zake? Hata mwenyekiti?"

"Hata mwenyekiti. Asiyesimama hashindani tena maishani mwake."

"Sheria nzuri hiyo. Nani aliitunga?"

"Madereva wenyewe."

"Kumbe wanaweza," akasema.

Somo lililofuata aliuliza tena, na lililofuata tena, mpaka mwalimu akamtania: "Mama, mbona unajitabiria mabaya?" Mama Mkate akaendelea kufunga mkanda wa kofia yake.

Na barabara yenyewe, tusisahau, ilikuwa ileile ambayo wakazi wa pale inapopita ukuta wa shule waliililia kivuko cha watoto na matuta mpaka sauti zikawakauka. Wakajibiwa kwamba haifungiki hata saa moja, uchumi utasimama. Leo ilifungwa kutwa, polisi kila njia panda, ili watu wazima wacheze. Uchumi haukusimama hata kidogo.

Siku ya kupitia njia polepole, mwalimu alikuwa amemwonyesha ule ukuta. "Hapa kona imefunguka. Unakanyaga tu."

"Ndiyo," alijibu. "Hapa watu hukanyaga."

Wanagenzi hutangulia, lami ikiwa bado safi, na Mama Mkate alipangwa wa kwanza. Bendera ikashuka.

"Kushoto nne, ndefu," mwalimu akasoma kona kwa namba za ukali wake. "Kilima. Kulia tatu, inabana, usikate!"

Hakukata. Gari la mikate lilikwenda kama lililozaliwa kwa kazi hiyo. Kona baada ya kona mwalimu aliona darasa lake limepona, na wale waliocheka wangemeza vicheko vyao kwenye mstari wa mwisho.

"Kulia tano, imefunguka! Mafuta, mama, mafuta!"

Akakanyaga breki.

Matairi yakalia. Gari likaserereka, likatulia pembeni, ubavuni mwa ukuta wa shule.

"Nini? Injini?"

Haikuwa injini. Mama Mkate alikuwa amekwisha kufungua mikanda yake. Akachomoa kibao. Akainama, akalifungua lile kopo kutoka chini ya kiti, akashuka nalo.

"Mama! Hatujaumia sisi! Ukiinua nyekundu bure, wewe umekwisha na mimi nimekwisha!"

"Si bure, mwalimu."

Akairudia kona mbio mpaka pale anapoonekana kwa mbali, akainua msalaba mwekundu juu ya kichwa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kopo.

Gari la pili likaja likinguruma, likauona, likasimama. La tatu likasimama. La mwenyekiti likaja kwa kasi kuliko yote, moshi ukatoka matairini, nalo likasimama. Yakajipanga nyuma yake, hakuna hata moja lililopita. Madereva wakaruka nje na mikoba ya huduma ya kwanza, kofia bado vichwani, wakakimbia. Mwenyekiti alitangulia, anahema.

"Yuko wapi, mama? Majeruhi yuko wapi?"

Mama Mkate akapiga magoti katikati ya lami. Akaliweka lile kopo chini, taratibu, kama anayejua mahali pake hasa.

"Alikuwa hapa," akasema. "Mmechelewa miaka mitatu, wanangu. Lakini ahsanteni kwa kusimama."