Santuri Isiyo na Jina

"Anayepiga gitaa hilo ni baba yangu, na yu hai."

Ratemo aliusoma ujumbe akiwa amesimama katikati ya shamba lake la chai, kikapu mgongoni, akahisi uso ukimwaka kama mtu aliyezabwa kofi mbele ya umati. Aliyeandika aliitwa Pam. Hakutukana wala hakulaumu. Aliomba tu amlete baba yake, Mzee Osewe, aione santuri yenyewe.

Uongo wake ulikuwa umeanza kidogokidogo. Baada ya kumzika baba yake, Mzee Okemwa, Ratemo alipanda darini kubadilisha mabati ya nyumba ya mama yake pale Ekerenyo. Huko akakuta santuri imeviringishwa ndani ya leso. Jina la mpigaji lilikuwa limekwanguliwa, halisomeki. Fundi mmoja wa Kisii mjini akamhamishia muziki ule kwenye simu. Lilikuwa gitaa la chuma, lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, sauti yake ikipanda na kulegea kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde.

Ratemo akaupeleka kwenye kundi la Facebook la wapenzi wa gitaa hilo. Watu wa humo hutafuta nyimbo ambazo redio zimezisahau, huzisafisha mikwaruzo, kisha hubishana ni nani alizipiga. Kulipokucha, maoni yalikuwa yamejaa.

"Nimelia kazini," mmoja aliandika. "Huyu mkono wake hauna haraka," akasema mwingine. Orpah, msimamizi wa kundi, akauliza, "Ndugu, unamjua mpigaji?"

Ratemo hakuwa amezoea kuulizwa kitu na watu wengi namna ile. Akaandika, "Ni marehemu baba yangu."

Basi ikawa hivyo. Wakataka hadithi, akawapa. Aliwaambia kwamba baba alipiga kwa mgongo wa kisu, tena alijifungia ghalani asisikiwe, maana alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Akaweka na picha ya Okemwa mwenye suti na Biblia, na watu wasiomjua wakamwombea pumziko jema. Kwa kweli Okemwa hakuwahi kushika gitaa. Alikuwa mtu mpole wa majani chai, aliyemfundisha mwanawe baiskeli kwa kukimbia nyuma yake akishikilia kiti, akihema na kucheka.

Ratemo angeweza kuufuta ujumbe wa Pam. Aibu ikamzuia. Akajibu, "Njooni Jumapili."

Alimkuta mama yake, Mong'ina, akimenya ndizi.

"Tutakuwa na wageni, mama. Ni kuhusu ile santuri."

"Wageni gani?"

"Mzee mmoja wa Oyugis, Osewe, na binti yake."

Kisu kikasimama. "Jumapili nitakuwa Magwagwa kwa dada yangu," alisema.

Ratemo hakushangaa. Mama hakuupenda muziki ule. Kila Ratemo alipoucheza, mama alitoka nje.

Lakini Jumapili ilipofika, Mong'ina hakwenda Magwagwa.

Mzee Osewe alishuka kwenye gari akiongozwa na Pam. Alikuwa mrefu, macho yamefifia, koti limepigwa pasi vizuri. Aliushika mkono wa Ratemo katika salamu akachelewa kuuachia. Mong'ina alileta chai, akajibu salamu bila kuinua macho, akaketi karibu na mlango.

Ratemo aliiweka santuri mapajani mwa mzee. Vidole vyake vikaizunguka polepole.

"Ndiyo hii," Osewe alisema. "Kampuni ilifungwa kabla hazijafika madukani. Nilipewa moja tu."

"Moja?"

"Moja. Wakati huo nilikuwa dereva wa lori la majani chai huku kwenu. Ikabaki huku."

Ratemo alihisi jasho likimtoka. Santuri moja tu, nayo imefichwa darini kwa baba yake, jina limekwanguliwa. Hakuona maana nyingine. Baba yake, aliyesimama kila Sabato kuwasomea watoto amri za Mungu! Ratemo alipiga magoti mbele ya mgeni.

"Mzee, nisamehe. Nimewadanganya watu. Baba yangu hakuwahi kupiga gitaa. Nilichukua kazi yako nikampa yeye, na sasa naona hata hii santuri..." Akaitazama mapajani mwa mzee. "Naona alikuibia. Nitaandika leo hii kwenye kundi. Wajue mimi ni mwongo, na baba yangu alikuwa mwizi."

"Usiandike," Pam alisema taratibu. "Hatukuja kwa hilo."

"Lazima niandike, dada. Mmekuja mpaka hapa, mnakunywa chai yangu, na picha ya baba yangu bado iko pale inapewa sifa zenu." Akatoa simu mfukoni. Akaanza kuandika.

"Weka hiyo simu chini."

Alikuwa mama yake. Alikuwa amesimama, ameshikilia mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Ratemo hakuwahi kumwona akimkosea mgeni heshima kwa kupaza sauti.

"Okemwa hakuiba kitu maishani mwake," Mong'ina alisema. "Hata hakujua kwamba santuri hiyo iko ndani ya nyumba yake. Nilipewa mimi. Jina nililikwangua mimi."

Osewe aliinamisha kichwa. Pam akaweka kikombe chini polepole.

"Mama," Ratemo alisema, bado amepiga magoti, "unasema nini?"

Mong'ina hakumtazama yeyote.

"Uliwaambia watu kwamba anayepiga ni baba yako. Hapo hukudanganya, mwanangu. Mimi ndiye niliyedanganya."