Bega la Chaguo la Kwanza

"Bega linakuuma, kijana," kocha aliniambia. Hakuwa akiuliza.

Lilikuwa zima. Katika mechi ile ya futiboli ya Kimarekani, mimi mrushaji mkuu nilikuwa nimerusha mipira mitatu mikononi mwa wapinzani, na uwanja mzima ulikuwa ukimwimba Tavian, mrushaji wetu wa akiba. Mwaka timu za ligi zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, mimi nilichaguliwa wa kwanza nchi nzima, yeye wa mia mbili na ishirini na nne.

"Mwenye timu hataki chaguo lake la kwanza likae benchi," kocha alisema, akitazama juu, kwenye vioo alikoketi bosi huyo. "Labda uwe majeruhi."

"Nisipoumwa?"

"Rudi ukazomewe. Na wiki ijayo. Na mwakani."

Tavian alikuja, kofia ngumu ya mchezo kichwani tayari, akanipa mfuko wa barafu bila kunitazama. Maji yalichuruzika kwenye namba moja ya jezi yangu.

"Tumesema bega lipi?" nikauliza.