Moshi wa Nyumbani

Siku hizi kila nyumba huchoma mkaa wenye alama yake, na moshi wake huacha alama hiyo kwenye nywele za anayeuvuta. Nyanzala ndiye aliyeligundua hilo katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu. Mumewe Masalu, fundi magari, alitoa nywele kwenye kitana cha mkewe akazipeleka kwa kinyozi Bundala, mwenye mashine ya kupimia.

"Nitajie mwanamume," Masalu akasema. "Ni yule profesa wake, sivyo?"

"Shemeji hana moshi wa profesa, kaka. Hana wa mwanamume yeyote."

Masalu akacheka hadi wateja wakageuka. "Basi ni wangu tu!"

Bundala akaitazama tena mashine. "Hata wako haumo. Hewa yake ni ya maabara tu, ile iliyochujwa. Kwani kwenu huwa anakuja kufanya nini?"

Jioni Nyanzala alirudi akakuta jiko la mkaa linafuka katikati ya sebule, madirisha yote yamefungwa.

"Moshi wote huu wa nini, baba Minza?"

"Kaa hapa karibu, mama Minza."

Masalu akasukuma komeo la mlango, akashika pepeo, akaanza kuupepea moshi uelekee kwenye nywele za mkewe.