Mlango wa Sita

Karani wa sensa alikwisha kuandika namba kwa chaki kwenye milango mitano ya nyumba ya Boga, pale Ukunda. Boga alimfuata akitaja wapangaji wake kwa fahari: wahudumu wa hoteli za Galu, watu wa bara, wanne katika chumba cha mbele peke yake.

"Mji umekua, bwana karani. Kila siku narudisha watu, vyumba vimejaa."

Kikohozi kikasikika katika banda la jikoni. Gunia lililoziba uwazi likasogea, akatoka mamake Boga, ushungi umejaa jivu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi wanipita?"

"Sikupiti, bibi. Usiku wa sensa ulilala wapi?"

Mama alimtazama mwanawe, akajipangusa jivu begani polepole.

"Kwa mwanangu. Chumba cha mbele."

Karani akaitazama karatasi yake, yenye majina manne ya chumba kile.

"Andika jikoni," Boga alisema, macho chini.

Karani akainua chaki, akatafuta ubao wa mlango wa kuandikia namba. Palikuwa na gunia tu.