Skrubu Iliyobaki

Skrubu moja ilibaki kwenye kizibo cha chupa, na mwalimu hakujua imetoka wapi kwenye laptopu yake.

“Mama watoto, umeiua,” mumewe alisema, taulo begani.

Fundi alikuwa amemwambia aitupe laptopu hiyo kuukuu, anunue mpya. Yeye, mbishi wa kuzaliwa, akachukua pesa alizojiwekea za viatu akanunua diski mpya tu, ya kasi, nyembamba kama biskuti. Akahamishia humo kila kitu, kisha akaipachika mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani.

Akabonyeza kitufe.

Halafu, kwa mazoea ya miaka saba, akainuka. Nyumba nzima ilijua utaratibu: mashine ikiwashwa, mwalimu huenda kuoga, na akirudi huikuta bado inajikongoja. Akampokonya mumewe taulo, akaelekea bafuni.

Hakuwa hata amevuka kizingiti, akasikia kelele nyuma yake.

“Wee! Rudi! Rudi uone!” Mumewe alikuwa ameinamia meza, uso wake unang’aa kwa mwanga wa kioo. “Imeshawaka yote! Sasa wewe utakuwa unaoga saa ngapi?”