Daftari la Kichwani

Fabiola aliingia jikoni na katambuga moja mguuni. Nyingine ilikatika njiani, na hakurudi kuiokota.

"Shikamoo, Mama Leonsi. Jina lako nimeliona."

"Marahaba. Umeliona wapi?"

"Mezani kwa yule afisa mgeni wa msako. Ni orodha ya watakaokamatwa kesho. Wewe ni namba moja."

Genoveva, ambaye mji mzima ulimwita Mama Leonsi, aliacha kukoroga uji. Fabiola alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya wilaya, na woga wake ulijulikana. Kama huyu amethubutu kukimbia barabarani mguu mmoja peku asubuhi kweupe, basi mambo yameharibika.

"Na wengine?"

"Faili lilifunika majina yao. Nimeona namba tu pembeni, zinashuka mpaka chini. Amepiga mwenyewe, hakunipa mimi."

Ulikuwa mwaka themanini na tatu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na jela kwa aliyekutwa na vya kuzidi. Genoveva alikuwa ameanzia kwenye foleni hizo hizo, ambako watu waliweka mawe kushika nafasi zao. Yeye alilinda mawe ya wenzake. Kwa kuyalinda akajua mwenye jiwe hili ana nini na mwenye jiwe lile anakosa nini. Miaka mitatu baadaye alikuwa na watu tisa waliobadilishana vitu kupitia kwake. Dereva mwenye dizeli hakumjua muuguzi mwenye kwinini, na muuguzi hakumjua mkulima mwenye mahindi. Wote walimjua yeye tu, na hakuna alichowahi kuandika.

"Daftari langu liko hapa," alizoea kusema, akigonga paji la uso. Alijivunia sana daftari hilo, na kusema kweli alikuwa na haki.

Basi la Singida lilikuwa linaondoka saa nne, na nauli alikuwa nayo. Alilifikiria kidogo, akaona aibu. Wale tisa walikuwa na watoto, na ni yeye aliyewaingiza. Akajifunga kanga, akatoka.

Alianza kwa Paskali, dereva, aliyekuwa chini ya lori lake na miguu tu nje.

"Mapipa yako yaondoe leo."

"Nani kakwambia?"

"Usiniulize. Yaondoe."

Ng'ambo ya barabara muuza samaki alikuwa anajaza upepo baiskeli yake, tenga la perege limefungwa nyuma. Alimwamkia kwa adabu. Genoveva aliitikia bila kusimama.

Xaveria, muuguzi aliyestaafu, alilia. Kwinini yake ilikuwa ndani ya mto wa kulalia.

"Nikiitupa, mama, nani atawatibu hawa wenye homa?"

"Ukifungwa utawatibu?"

Xaveria alianza kufumua mto kwa meno. Genoveva aliumia kumtazama, akaondoka upesi. Nje wanawake watano walikuwa wamelizunguka tenga la samaki, mikono imenyooshwa, wanabembeleza.

"Samahanini, akina mama," muuza samaki alikuwa akisema. "Zimeshalipiwa zote."

Wa tatu, wa nne, wa tano. Kila alikoingia hakukaa, na maji ya kunywa aliyakataa. Kila aliposikia gari alikaza mwendo. Wa nane alimkuta shambani, akamwambia huku wote wawili wameinama kana kwamba wanapalilia. Wa tisa alikuwa Herieli, huko Sigino. Alimfikia miguu imevimba, jua limeshapinda.

"Mahindi yagawe kwa ndugu zako, gunia gunia. Leo hii."

Herieli alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda kufungua ghala.

Genoveva alirudi mjini polepole. Aliyahesabu tena majina kichwani, moja moja, na hakukosa hata moja. Kesho wamchukue yeye, basi. Wale tisa watakuta nyumba zao safi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi ikafika chini.

Mlangoni kwake kulikuwa na baiskeli imeegemezwa ukutani. Tenga lilikuwa bado limejaa perege, na nzi wamelivamia.

Ndani, yule afisa mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu mume wake. Muuza samaki alisimama nyuma yake.

"Karibu, mama. Pole na safari, leo umetembea sana."

Akamsogezea karatasi. Namba zote, moja mpaka ishirini, zilipigwa taipu. Kwenye namba moja lilikuwepo jina lake, nalo kwa taipu. Mbili mpaka kumi, majina yalikuwa kwa penseli: Paskali, kisha Xaveria, kisha wengine mpaka Herieli, kwa mpangilio ule ule aliowapitia. Kumi na moja mpaka ishirini zilikuwa bado wazi.